Kipande, Harry Thuku na Kile Kituo cha Central

Ukifikisha miaka 18 hapa Kenya, swali la kwanza wazee wanakuuliza ni kama umeshachukua kipande. Hawasemi kitambulisho. Wanasema kipande. Unaenda kwa ofisi ya chifu, unapigwa alama za vidole, unarudi nyumbani kungoja. Na hakuna mtu anakuambia hilo neno lilitoka wapi, kwa hivyo leo tuongee hiyo stori, maana inaanzia kwa shingo ya babu yako na inatufikisha hadi Juni 2025, ndani ya seli moja hapo mjini.

Sheria yenyewe ilipitishwa na Waingereza mwaka wa 1915, lakini vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha. Ilipoanza kutumika, kati ya 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara wake, na tarehe aliyoingia na kutoka kazini. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikafungwa kwa uzi shingoni. Watu waliokivaa walisema wanatembezwa kama mbuzi. Ukitoroka shamba la mzungu anayekupiga, polisi wanafungua kikebe wanajua umetoka wapi, wanakurudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kipande, wala si kukutambua upige kura.

Kipande pia hakikuja peke yake. Mwaka wa 1919 Gavana Northey alitoa waraka ukiwaambia maafisa wa serikali wasaidie walowezi kupata vibarua, hadi wanawake na watoto. Mwaka uliofuata kodi ya nyumba na ya kichwa ikapandishwa hadi rupia 8. Halafu 1921 bei za mazao zikaanguka, na walowezi wakaamua suluhisho ni kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Soma hizo sentensi tena polepole. Kodi juu, mshahara chini, na kikebe shingoni kuhakikisha hutoroki.

Huku kwetu Spring Valley, ukishuka Lower Kabete Road ukiangalia hizo kuta ndefu na miti, ni rahisi kudhani mtaa ulizaliwa hivyo. Ukanda huu wote wa Kabete na Kiambu ulikuwa kahawa ya walowezi, na waliochuma hiyo kahawa ni wasichana na akina mama waliotolewa vijijini kwa lazima. Malalamiko yao yalikuwa kati ya mambo yaliyomfanya kijana mmoja wa Kambui aanze kupiga kelele.

Huyo kijana ni Harry Thuku. Alizaliwa 1895, akasomea misheni, akafanya kazi ya kupanga herufi kwa gazeti la walowezi, kisha akawa opareta wa simu kwa ofisi ya hazina ya serikali Nairobi. Hebu fikiria hiyo kazi kwa lugha ya leo. Alikuwa amekaa katikati ya mtandao. Alijua Kiingereza, alijua kupiga taipu, alijua habari zinapita wapi. Julai 1921, akiwa na miaka kama 26, yeye na wenzake wa East African Association walituma telegramu ya malalamiko moja kwa moja hadi London, wakiruka machifu, wakiruka mabwana DC, wakimruka hata gavana. Kwa kizazi changu hiyo inaeleweka bila maelezo: jamaa alitagi bosi mkubwa mbele ya dunia nzima.

Na alisaidiwa na nani? Na Manilal Desai, Mhindi mwenye gazeti la East African Chronicle, aliyempa nafasi ofisini kwake. Chama chenyewe kilianza mwezi mmoja kabla kikiitwa Young Kikuyu Association, lakini jina likabadilishwa haraka, kwa sababu Nairobi ya 1921 ilikuwa na Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waganda, na wote walivaa kikebe kimoja. Nawaambia hivi kwa sababu 2024 watu walishangaa sana, ati vijana wameandamana bila kabila, jambo halijawahi kuonekana. Limewahi. Lilikuwa hapa hapa, na lilivunjwa kwa makusudi. Tutafika huko.

Si wote walifurahi. Machifu kadhaa wa Kiambu walikula kiapo na kutia sahihi kwamba Thuku ni mtu hatari kwa amani. Wamisionari wengi nao walimwona kijana aliyepewa elimu akaitumia vibaya. Hiyo lugha unaijua. Watoto hawa hawana adabu, wamesoma mpaka wameharibika, kwani wanafikiri wao ni nani? Miaka mia moja baadaye inasemwa kwa maikrofoni, kanisani na kwa mazishi, karibu neno kwa neno.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa akapelekwa kituo cha polisi cha Kingsway. Hicho kituo leo tunakiita Central. Kiko pale pale, University Way, mkabala na chuo kikuu, hatua chache kutoka hoteli ya Norfolk. Kesho yake watu wakagoma. Wapishi, madobi, vibarua, watunza bustani, wale wale waliofanya nyumba za wazungu ziende, waliacha kazi wakaenda kukaa nje ya kituo. Kufikia tarehe 16 walikuwa maelfu. Walikuwa wakiomba na kuimba, mikononi hawana bunduki.

Wawakilishi wanaume walienda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi wakisema mambo yatashughulikiwa, watu waende nyumbani. Wengine wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Muthoni Nyanjiru akasimama. Aliinua nguo yake juu ya mabega, akawaambia wanaume wachukue hiyo nguo na wampe yeye suruali zao, kwa sababu kiongozi wao yuko ndani na wao wanaogopa. Kwa Wakikuyu, mama mzima kujivua nguo mbele yako ni laana, si mchezo na si utovu wa adabu. Ni silaha ya mwisho ya mtu ambaye hana silaha nyingine. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea mlangoni, na polisi wakafyatua risasi. Muthoni ni kati ya waliokufa kwanza.

Mashahidi walisema pia kwamba wazungu waliokuwa kwa baraza ya Norfolk walifyatua risasi zao kutoka huko, wakiwapiga watu kwa mgongo walipokuwa wakikimbia. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi ya hapo, na wanahistoria wengi hawaiamini hesabu ya serikali. Hata kubishana kuhusu idadi ya waliokufa, kumbe si jambo la juzi.

Kilichofuata ndicho kinanikera zaidi, labda hata kuliko risasi, kwa sababu kilifanywa na watu waliotulia kwa ofisi wakifikiria. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi yoyote, na hakuachiliwa hadi mwisho wa 1930. Kodi ikapunguzwa kidogo, kutoka shilingi 16 hadi 12. Yaani umati ulikuwa na haki na serikali ilijua. Lakini chama cha watu wote hakikuruhusiwa kusimama tena. Vilivyokubaliwa ni vyama vya kila kabila kwao: Wakikuyu na Kikuyu Central Association kuanzia 1924, watu wa Nyanza na chama chao cha walipa kodi chini ya Archdeacon Owen wa kanisa la Anglikana. Lia, lakini lia kwa kona yako. Wakati mtu anakuambia siasa ya kikabila ni tabia yetu ya asili tangu enzi za mababu, muulize nani alifunga mlango wa ile nyingine.

Naruka miaka mingi sasa, naruka hata Mau Mau na vyumba vya Nyayo House, kila moja inastahili posti yake. Nasimama Machi 1992, Uhuru Park, mwendo mfupi wa miguu kutoka Central. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa kwa ile kona inayoitwa Freedom Corner, pamoja na Wangari Maathai, wakitaka watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Na wale wamama wazee walifanya nini? Walivua nguo. Miaka 70 baada ya Muthoni, mji ule ule, mwezi ule ule. Kisha wakahamia kanisa la All Saints wakaendelea kukaa, hadi wakati wa kuachiliwa kwa vijana wao. Nani alikuwa na maadili siku hiyo, mwenye kirungu au mama aliye uchi?

Tarehe 25 Juni 2024 nyinyi wenyewe mnaijua. Mswada wa Fedha, ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 kwa gari, Bunge kuingiliwa, risasi. Rais alikataa kutia sahihi mswada siku iliyofuata, na kufikia Julai 1 tume ya haki za binadamu ya KNCHR ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa nchini. Ushuru ukashuka baada ya watu kufa, kama 1922.

Halafu Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31 aliyekuwa pia akiandika mtandaoni, alikamatwa Jumamosi tarehe 7 nyumbani kwa wazazi wake Homa Bay, kwa sababu ya posti iliyodaiwa kumchafulia jina naibu wa Inspekta Jenerali. Homa Bay kuna polisi, kuna seli, kuna mahakama. Lakini alibebwa kilomita zaidi ya 300 hadi Nairobi, akaingizwa Central usiku. Kufikia asubuhi ya Jumapili alikuwa amekufa. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Mpasuaji wa serikali akasema majeraha ya kichwa na kubanwa shingo hayalingani na mtu aliyejiumiza. Inspekta Jenerali akaenda Seneti kuomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza, naibu wake akaondoka kazini kwa muda kupisha uchunguzi, na maafisa wa kituo, akiwemo mkuu wake, wakafikishwa kortini kwa mashtaka ya mauaji, ambayo waliyakanusha. Tarehe 17, watu wakiandamana kwa ajili yake, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa mchana kweupe katikati ya mji. Alifariki mwisho wa mwezi.

Ni Central. Ile ile ya Thuku.

Siamini laana ya majengo. Ukuta hauui mtu. Ninachoamini ni kwamba polisi wa mji huu walianzishwa kulinda watu fulani dhidi ya wale wanaowapikia, na hiyo kazi haikuandikwa upya siku bendera ilipobadilishwa. Angalia hata huku mtaani kwetu. Usalama ukitajwa Spring Valley, watu wanamaanisha geti, nyaya za umeme juu ya ukuta, na soja anayelipwa kidogo kukesha kwa kibanda akiandika majina ya wageni kwa kitabu. Mgeni mwenye gari anapungiwa mkono, wa miguu anaulizwa kipande. Ndiyo, anaulizwa kipande, kwa hilo neno. Soja mwenyewe akitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, akikutana na doria, anaulizwa chake.

Kwenye makaratasi tumesonga. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa, unaweza kunyamaza, unaweza kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Thuku hakuwa na hata moja ya hizo. Ojwang alikuwa nazo zote, na alikuwa mwalimu, si mtu wa kushindwa kusoma. Ndiyo maana nachoka nikisikia dawa ya kila kitu ni vijana kufundishwa zaidi uraia. Fundisheni, sawa, lakini mwanafunzi anayekosa hili somo amevaa sare na ana bunduki.

Kuhusu Thuku, sitaki mfikiri nauza shujaa msafi. Alirudi kutoka uhamishoni akawa rais wa KCA 1932, wakakosana, akaanzisha chama chake kilichoahidi utiifu kwa serikali. Wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali. Alizeeka akiwa mkulima wa kahawa, zao ambalo miaka ya 1920 Mwafrika hapa hakuruhusiwa hata kupanda, akafariki 1970. Barabara inayopita kati ya Norfolk na chuo ina jina lake, ikipanda hadi KBC, na sijui kama yule mzee wa mwisho angetembea nasi pale 2024. Muthoni Nyanjiru angekuwa mbele.