Protini Haitambui, Inachukuana

Rasimu ya istilahi za biolojia iliyonifikia hapa Kampala inaeleza "uwezo wa protini kutambua mafuta ya ukuta wa seli". Makosa ni matatu, na walioyafanya ni watu wanaolipwa posho ya vikao. Kamati iliyoiandika siitaji jina. Niliiandikia, ikanijibu kwa mistari miwili kwamba "utambuzi" ni neno lililokwisha kuzoeleka. Limezoeleka kwa nani? Vitabu vya sayansi kwa Kiswahili nchini Uganda bado vinahesabika kwa vidole. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na mwanafunzi atakayesoma somo hili kwa Kiswahili leo atakuwa miongoni mwa wa kwanza. Neno tunaloliweka sasa ndilo litakalozoeleka.

Makosa mawili nayamaliza upesi. Seli ya muhindi ina ukuta, bakteria nyingi zina ukuta, seli ya binadamu haina. Yenyewe ina utando, wenye unene wa takriban nanomita 5, uliopangwa kwa tabaka mbili za molekuli zenye vichwa vinavyopenda maji na mikia inayoyakimbia. Molekuli hizo ni lipidi. Ukiziita mafuta, msomaji wa Wandegeya anawaza ya kukaangia chapati.

Kosa la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Kutambua ni kujua tena ulichokijua, au kukiri hadhi ya kitu. Shahidi humtambua mwizi kwenye gwaride, serikali huitambua serikali nyingine, askari huangalia kitambulisho chako, Ndaga Muntu, akutambue. Ukoo mzima wa neno hili, tambulika, tambulisha, utambulisho, kitambulisho, umejengwa juu ya mwenye akili anayekumbuka na kuamua. Protini haina kumbukumbu wala haiamui. Ina umbo, ina chaji, ina mifuko na vibonde, basi.

Tazama damu. Katika seli yenye afya, lipidi iitwayo fosfatidilserini hukaa karibu yote upande wa ndani wa utando. Mshipa ukikatika, chembe sahani zinazokuja kuziba jeraha huigeuza lipidi hiyo ikatokeza nje. Protini za kugandisha damu, protrombini ikiwa mojawapo, zina sehemu ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa vitamini K, na sehemu hiyo hushika ayoni za kalsiamu. Kalsiamu ikishaingia, protini inapata umbo la kukaa juu ya fosfatidilserini, na mgando unaanza.

Sasa nenda maabara yoyote ya hospitali uangalie chupa ndogo yenye kifuniko cha buluu. Ndani yake mna sitrati ya sodiamu. Damu ikiingia humo, sitrati inaikamata kalsiamu, na damu inabaki majimaji. Fundi anapotaka kupima muda wa kuganda, anatenga utegili, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, anauongezea kalsiamu pamoja na tromboplastini ambayo yenyewe imebeba lipidi, na kwa mtu mzima wa afya mgando unaonekana baada ya sekunde kumi na kitu. Naiuliza kamati: protini zile zilisahau zilipokuwa kwenye chupa, kisha zikakumbuka? Hakuna kilichosahauliwa. Pande mbili zilikuwa hazifai kukaa pamoja mpaka kalsiamu iliporudi katikati yao. Neno tunalolihitaji ni la kufaana, na katika "utambuzi" kufaana hakumo.

Uganda ina sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Tumeiona Ebola Gulu mwaka 2000, Bundibugyo mwaka 2007, Mubende mwaka 2022, na hapa Kampala Januari 2025. Virusi hivyo vina protini iitwayo VP40, ambayo ndani ya seli iliyoambukizwa husogea hadi upande wa ndani wa utando. VP40 ina kiraka chenye asidi amino za chaji chanya, hasa laisini, na fosfatidilserini ina chaji hasi. Hapo protini hizo hukaa, huungana moja kwa moja, na utando hufura nje mpaka kirusi kipya kikatoka kimejivika kipande chake. Lipidi iliyokuwa imefichwa ndani sasa iko nje ya kirusi, na seli nyingine zenye protini iitwayo TIM-1 hukipokea kwa lipidi hiyohiyo. Andika kwamba VP40 "inatambua" utando, na mwanafunzi atakiona kirusi kama jasusi. Mwambie ni chaji na umbo, na atauliza swali la maana: tukiharibu kufaana huko, nini kitatokea?

Neno langu ni kuchukuana, na jina lake ni mchukuano.

Sikulibuni kitenzi. Wazee wa Pwani husema watu hawa wanachukuana, yaani wanapatana, hakuna anayemlemea mwenzake. Na husema vitu viwili vinachukuana vikiwa vinafaa pamoja. Kanzu na koti kwenye sherehe ya kwanjula vinachukuana. Chukua ni kubeba, lakini ni pia kuweza kuwa na kitu ndani: chombo huchukua kadiri yake, mwanamke huchukua mimba. Kiambishi -ana kinaifanya kazi iwe ya pande zote mbili, na hapo ndipo "tambua" inaposhindwa kabisa, kwa sababu ina mtambuzi mmoja na mtambuliwa aliyekaa kimya. Lipidi haikai kimya. Kichwa chake, chaji yake, urefu wa mikia yake na majirani zake kwenye utando vyote vina sehemu katika kinachotokea. Chukuana haihitaji akili ya upande wowote, na koti halikujui. Isichanganywe na chukuliana, ambayo ni kuvumiliana, nayo imekwisha kupata makao yake makanisani. Umbo la m- na -o tunalo tayari katika mshikamano, mlingano, mgongano na mfuatano. Mchukuano unaingia humo bila kubisha hodi. Na Mganda anayesema okukwatagana, kushikana kwa maana ya kwenda pamoja, anaisikia kauli ya kutendana kabla hujamaliza kumweleza.

Kuna bwana mmoja, msomi, anayepigania "mfungamano" kila mkutano. Kufunga kunataka kamba na fundo, na fundo linataka mtu wa kulifungua. Protini nyingi za aina hii hukaa juu ya lipidi na kuondoka zenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Wapo pia wanaotaka "kunata", lakini gundi hunata kwenye chochote, na hapa tunazungumzia protini inayoiacha lipidi moja na kukaa juu ya jirani yake kwa tofauti ya kikundi kimoja cha fosfati.

Pingamizi pekee nililoliheshimu ni la uchukuzi. Utando una protini zinazopitisha sukari na chumvi, nazo ni za uchukuzi kweli. Je, msomaji hatachanganya? Hatachanganya. Kutokana na panga tuna mpango, mpangaji, upangaji na mpangilio, na hakuna mwenye nyumba Ntinda aliyewahi kudai kodi kwa mpangilio. Kiswahili hutenganisha maana kwa viambishi, na wanaoogopa viambishi wasikae kwenye kamati za istilahi.

Nakubali mpaka mmoja. Kimelea cha malale, kilichoua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne iliyopita, kimefunikwa na protini zipatazo milioni 10, kila moja ikiwa imeunganishwa kwa kiungo cha kikemia na lipidi iliyozama kwenye utando. Muundo kamili wa kiungo hicho ulifafanuliwa mwaka 1988 kwa kutumia kimelea hichohicho. Huo si mchukuano. Ile ni nanga, na protini yake imetiwa nanga.

Kwa matumizi, andika "protini hii inachukuana na fosfatidilserini", "sehemu ya mchukuano" kwa kipande cha protini kinachohusika, na "mchukuano wa kalsiamu" pale kalsiamu inapokuwa lazima.