Kitochi kimekufa: kabla hujanunua kingine

Simu ya batani, ile tunayoiita kitochi au kiswaswadu na ambayo majirani zetu wa Kenya huiita kabambe au mulika mwizi, bado ipo mikononi mwa wasikilizaji wetu wengi. Inakaa na chaji siku kadhaa, inaanguka shambani na kuokotwa ikiwa nzima, na vidole vyenye sugu ya jembe huibonyeza bila shida. Lakini nayo hufika siku yake. Batani zinagoma, spika inakwaruza, au simu inatumbukia kwenye ndoo ya maji. Hapo swali huwa ni lile lile: ninunue ipi? Jibu letu halianzi na jina la kampuni. Linaanza na laini.

Laini kwanza, simu baadaye

Pesa zako za M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa hazimo ndani ya simu, wala hazimo kwenye kile kikadi cha laini. Zipo kwenye kumbukumbu za kampuni ya mtandao, na hufunguliwa kwa namba yako ya simu pamoja na namba yako ya siri. Kwa hiyo simu ikiharibika haiondoki na pesa. Toa laini, ipachike kwenye simu nyingine, salio utalikuta.

Simu ikipotea au kuibwa, mambo hubadilika. Azima simu ya mtu aliye kwenye mtandao huohuo, piga 100 kwa huduma kwa wateja, uombe laini ifungwe. Kisha nenda kwenye duka lao ukarudishiwe namba yako kwenye laini mpya. Hapa ndipo wengi hukwama. Tanzania, laini inatakiwa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na anayerudishiwa namba ni yule ambaye alama zake zimo. Mama aliyetumia kwa miaka laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mwanawe itabidi amngoje huyo mwana atoke mjini, huku pesa ya alizeti ikiwa ndani.

Kwa hiyo piga *106# leo, wakati simu yako ingali hai, ufuate maelekezo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayotumia haimo, shughulikia hilo kabla ya kuwaza simu mpya. Ukiikuta namba usiyoijua, hiyo nayo ni habari ya kupeleka kwa mtoa huduma haraka.

Kuna na majina. Laini kwa kawaida hubeba majina kama 250 tu. Yaliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe huzikwa nayo. Wakati kioo bado kinaonyesha, yanakili kwenye laini. Yakizidi, chukua daftari. Daftari halihitaji chaji.

Je, imekufa kweli?

Simu nyingi hupelekwa kaburini mapema. Kabla ya kutoa pesa, weka betri ya jirani mwenye simu inayofanana na yako. Ikiwaka, tatizo lilikuwa betri au chaja. Ukiweka betri yako juu ya meza tambarare na ikazunguka kama pia, imevimba. Usiichaji tena na usiitoboe, maana betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Mnara wa kwenu

Simu za 2G katika Afrika Mashariki hutumia mawimbi ya 900 na 1800. Yale ya 900 hufika mbali zaidi, kwa hiyo ndiyo yenye faida kwa anayeishi mbali na mnara. Marekani 2G yao ilitumia 850 na 1900. Ndiyo maana simu ya zamani aliyoileta ndugu kutoka huko inaweza kuwaka vizuri, ikapendeza, na isishike mtandao hata kidogo. Soma kwenye boksi: kama 900/1800 haipo, iache. Angalia pia kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Ukiweka laini ya mtandao mwingine itaikataa.

Dukani mjini kila simu hushika vizuri, kwa hiyo usidanganywe na vile vipau vya mtandao. Uliza kijijini kwenu nani ana simu ya aina hiyo, ukasikie inavyofanya kazi pale unapolala.

Vipo pia vitochi vya 3G na 4G vyenye intaneti. Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi mwaka 2019, iliyotumia mfumo wa KaiOS. Ni simu nzuri kwa mwenye haja nayo, ila tahadhari moja: WhatsApp ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaachana na simu za KaiOS. Muuzaji akikuambia kitochi chake kina WhatsApp, mwombe aifungue na atume ujumbe mbele yako. Kwa mtu anayetaka kupiga, kupokea na kutuma pesa, 2G inatosha, kwa sababu menyu za nyota na reli hazihitaji intaneti.

Betri, tundu la chaji na laini mbili

Tarakimu kubwa za chaji zilizoandikwa kwenye betri za bei ya chini tunaziamini kidogo sana. Sisi tungetazama kwanza kama betri inatolewa, na kama fundi wa gulioni kwenu anayo ya aina hiyo. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilitumia betri ya BL-5C, na betri za umbo hilo zimeendelea kutumika kwenye simu za makampuni mengi. Simu inayotumia betri inayopatikana kila kibanda itakufaa zaidi ya yenye betri kubwa isiyojulikana. Vivyo hivyo kwa chaja: kama nyumbani mna sola yenye waya fulani, nunua simu ambayo tundu lake linakubali waya huo.

Ukitoka kwenye simu ya kupangusa kurudi kwenye kitochi, huenda laini yako imekatwa ikawa ndogo kuliko nafasi yake. Usiisukume hivyohivyo; omba fremu ya plastiki. Na simu ya laini mbili ya kawaida ina hulka yake: unapoongea na laini moja, nyingine huwa haipatikani.

Isije ikazimwa, wala isikuibie

Bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, yaani IMEI, na simu ya laini mbili huonyesha IMEI mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa chini ya betri na kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu. Tanzania unaweza kutuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ukajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine, ujue umeshika bandia. Hili si jambo dogo: Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012. Dai risiti yenye IMEI, hasa kwa simu iliyotumika. Simu ya wizi ya bei ya kutupa inaweza kukufikisha kituoni.

Wengi huamini kitochi hakina cha kudukuliwa. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa Urusi alichunguza simu tano za batani zilizokuwa zikiuzwa huko, akaeleza kuwa nne zilikuwa zikituma ujumbe au taarifa bila mwenye simu kujua. Kipimo chako ni rahisi. Weka vocha ndogo, usijiunge na kifurushi wala kupiga popote, kisha angalia salio kesho yake. Likipungua, uliza kwanza kampuni ya mtandao kama kuna huduma uliyounganishwa. Kama hakuna, rudi na simu na risiti yako dukani.

Mkononi

Bonyeza kila batani, pamoja na nyota na reli, maana reli ikigoma hutumi pesa. Papasa batani ya 5: kinundu kilichopo pale humwongoza asiyeona vizuri. Baadhi ya simu hutamka namba unapobonyeza. Huwafaa wazee, lakini jaribu kama hutamka na kwenye menyu ya pesa. Kama ndivyo, izime sauti hiyo kabla hujafika kwa wakala.

Mwisho washa redio. Vitochi vingi hutumia waya wa hedifoni kama antena. Bila waya husikii kitu. Vingine vina antena ya ndani. Jaribu papo hapo bila hedifoni, na utusikilize.