Chupa za Kale na Historia ya Pwani: Ushahidi wa Kioo

1. Utangulizi

Mtazamaji aingiaye katika jumba la makumbusho la pwani, kama lile la Fort Jesus mjini Mombasa au lile la Lamu, huvutwa kwanza na mizinga na milango ya nakshi, kisha na sahani za kaure zilizotoka Uchina. Chupa na mirashi ya kioo hutazamwa mwisho, na mara nyingi hutazamwa kwa haraka. Sababu yake si ngumu kuelewa. Kaure ina michoro inayojieleza yenyewe. Chupa, hasa ile iliyovunjika ikabaki kitako na kipande cha shingo, haina ila umbo na rangi ya kijani iliyofifia. Tena chupa ni kitu cha kila siku, na kitu cha kila siku hakidhaniwi kuwa na historia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Hoja zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba chupa husomeka: mwili wake una alama zinazoeleza namna ilivyotengenezwa, na kwa hiyo umri wake. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba historia ya chupa haikomi pale ilipotengenezwa. Chupa iliyopulizwa Shiraz au Uholanzi, ikaletwa Mombasa au Lamu, ilianza huko pwani maisha mapya, na maisha hayo ni sehemu ya historia ya Waswahili.

2. Kioo katika pwani kabla ya Wareno

Biashara ya kioo katika Afrika ya Mashariki ni ya kale sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja bidhaa zilizopelekwa katika masoko ya pwani hii. Pamoja na mikuki, mashoka na visu, kinataja vitu vya kioo vya aina mbalimbali. Kwa hiyo kioo kilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuandikwa katika habari za pwani.

Ushahidi wa ardhini unaafikiana na huo wa maandishi. Katika magofu ya Manda, yaliyofukuliwa na Neville Chittick kuanzia mwaka 1966, na ya Shanga katika kisiwa cha Pate, yaliyofukuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, vilipatikana vipande vya vyombo vya kioo vya nchi za Kiislamu. Miji hiyo ilikuwa na watu tangu karne ya 8 na ya 9. Vipande vyenyewe ni vyembamba na vidogo, lakini vyatosha kuonyesha kwamba wenyeji wa Lamu na visiwa vyake walitumia vyombo vya kioo miaka mingi kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498.

Habari ya Ibn Battuta, aliyezuru pwani mwaka 1331, inaonyesha kazi mojawapo ya vyombo hivyo. Alipofika Mogadishu, sultani wa mji alimpelekea tambuu na popoo, na maji ya waridi ya Dameski yakamiminwa juu yake na juu ya kadhi. Hapa marashi si pambo tu. Ni lugha ya heshima. Mgeni aliyerashiwa alikuwa amekwisha pokewa. Chombo cha kumiminia maji hayo kilikuwa na kazi katika adabu ya mji, sawa na mkeka wa kukalia na sinia ya tambuu.

3. Kuusoma mwili wa chupa

Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi au majivu ya mimea, na chokaa, vikayeyushwa pamoja katika tanuri kali. Ufundi wa kukipuliza kwa bomba ulianza katika nchi za Sham katika karne ya 1 kabla ya Kristo, na tangu hapo chupa ikawa chombo cha watu wengi. Rangi ya kijani ionekanayo katika chupa nyingi za kale haikutiwa kwa makusudi, bali hutokana na chuma kilichomo mchangani. Fundi aliyetaka kioo cheupe alitia manganizi kidogo kuiondoa rangi hiyo.

Mtazamaji na aanzie kitakoni. Chupa iliyopulizwa kwa pumzi ilishikizwa kitako chake kwenye ufito wa chuma ili fundi aumalizie mdomo. Ufito ulipovunjwa uliacha kovu la mviringo, lenye makali au lililosuguliwa. Kovu hilo ni dalili ya kazi ya zamani, kwa maana tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilianza kuishika chupa kwa koleo maalumu lisiloacha alama. Kisha mtazamaji atafute mshono ubavuni. Chupa isiyo na mshono yaelekea kuwa ilipulizwa bila kalibu, au ilizungushwa ndani ya kalibu. Chupa yenye mshono unaokoma chini ya mdomo ilipulizwa katika kalibu na mdomo wake ukafanywa kwa mkono. Ile ambayo mshono wake unapanda hadi ukingoni ni ya mashine, na mashine ya Michael Owens wa Marekani ilianza kazi mwaka 1903 tu.

Umbo nalo lina habari zake. Chupa za mvinyo za Kiingereza za katikati ya karne ya 17 zilikuwa na tumbo la mviringo na shingo ndefu. Kufikia mwisho wa karne hiyo zilinenepa na kufupika, mfano wa kitunguu. Na katika karne ya 18 zikanyooka polepole ubavu kwa ubavu, hata zikaweza kulazwa ghalani. Chupa za Kiholanzi za pombe kali zilikuwa za pembe nne, pana mabegani na nyembamba kitakoni, ili zitoke katika kalibu kwa urahisi na zipangwe sandukuni bila kupoteza nafasi. Mirashi ya Uajemi ya karne ya 18 na ya 19 hujulikana kwa shingo zake ndefu zilizopindwa kama shingo ya ndege, na nyingi ni za rangi ya samawati.

Jambo moja hudanganya macho. Vipande vingi vilivyofukuliwa hung'aa rangi za upinde wa mvua, na watu hudhani kuwa huo ni ufundi wa mwenye kuvitengeneza. Sivyo. Rangi hizo ni kazi ya unyevu, ambao kwa miaka mingi huyatoa magadi katika kioo na kukiacha kikibambuka matabaka membamba. Uzuri huo ni dalili ya kuoza.

4. Ngome na merikebu

Mahali chupa ilipoonekana ni muhimu kuliko chupa yenyewe, na Mombasa inatoa mfano bora. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Ilitumiwa kama gereza la serikali ya kikoloni tangu mwaka 1895 hadi 1958, ndipo James Kirkman alipoanza kuifukua kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Ardhi ya ngome, basi, imekanyagwa, imechimbwa na kujazwa na watu wa karne zaidi ya tatu. Chupa iliyopatikana humo yaweza kuwa ya mnywaji wa Kireno, ya askari wa Kiomani, ya nyumba ya liwali, au ya bawabu wa gereza. Asiyeangalia tabaka ilimolala hawezi kuihukumu.

Mbele ya ngome hiyo hiyo, chini ya maji, iko hali iliyo kinyume. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein nchini India mwaka 1681, ilikuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama hapo Oktoba 1697. Wapiga-mbizi wa Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani, wakishirikiana na Makumbusho ya Kenya, waliifukua kati ya mwaka 1977 na 1980. Chochote kilichozama nayo kilikuwa kikitumika kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo merikebu hiyo ni kipimo: kitu cha ngomeni kisicho na tarehe hulinganishwa na cha merikebuni chenye tarehe.

Lakini tarehe si mwenyewe. Katika mwaka huo wa 1697 maradhi yaliwaua Wareno karibu wote waliokuwamo ngomeni, na kwa muda walioilinda walikuwa Waswahili chini ya Bwana Daud bin Sheikh wa Faza, pamoja na Waafrika wengine wanaume kwa wanawake. Ni desturi kuiita chupa ya Ulaya iliyopatikana katika ngome ya Wareno "chupa ya Mreno." Desturi hiyo husahau ni nani waliobaki ndani wakati mwenye kuileta amekwisha kufa. Chombo kilichonunuliwa na mmoja chaweza kuwa kiliteka maji ya mwingine.

5. Ushahidi wa maneno

Palipo kimya cha kioo, lugha husema. Neno mrashi limetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kunyunyiza. Kutoka shina hilo Kiswahili kinayo pia marashi, na rasharasha, yaani mvua nyepesi. Bilauri nayo ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni jiwe angavu, na kwa Waswahili likawa chombo cha kunywea. Kopo limetokana na neno la Kireno la bilauri ya kunywea. Ajabu ni kwamba kioo kimetoka katika maana yake, na leo kopo ni chombo cha bati. Gilasi ni ya Kiingereza na ndiyo ya mwisho kuingia. Hivyo maneno manne yanapanga tabaka za wageni kama ardhi ya ngome inavyozipanga.

Neno chupa, au tupa kwa matamshi ya Kimvita, limezama zaidi. Limekuwa pia jina la mfuko wa maji amwamo mtoto tumboni, nalo hutumiwa na wakunga bila mtu kufikiri juu ya kioo. Neno lifikapo mpaka katika uzazi, kitu chenyewe si kigeni tena.

Matumizi yanathibitisha hayo. Chupa iliyokuja na pombe katika mji wa Kiislamu haikutupwa kwa sababu ya kilichokuwamo. Ilioshwa, ikatiwa asali, samli, mafuta ya ufuta au kombe la mgonjwa, yaani maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya marashi. Waswahili husema: kiingiacho mjini si haramu. Mrashi nao ulizunguka katika maulidi na harusi, ukirashiwa mikono na nguo za wageni, na desturi hiyo haijafa.

6. Hitimisho

Kibandiko kinachotaja nchi na karne peke yake kinaeleza nusu ya habari. Nusu ya pili, yaani jina la chombo, kilichotiwa ndani yake, na siku kilipotolewa kabatini, imo katika vinywa vya wazee, hasa wanawake, ambao ndio waliovitunza vyombo hivyo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale vya Kenya visichimbwe wala kuuzwa nje ovyo. Hakuna sheria iwezayo kulinda jina la chombo lisisahauliwe. Mrashi ukivunjika, vipande vyake vyaweza kuunganishwa. Aliyejua kazi yake akifa kabla ya kuulizwa, kinachobaki kabatini ni chupa tupu. Kuyakusanya maneno hayo ni kazi ya wanafunzi wa lugha kama ilivyo ya wafukuaji, na haifai kuahirishwa.