Kiashirio, Wala Si Dalili

Miongoni mwa istilahi ambazo matabibu wa zama hizi wanazitumia mno, nasi wenye lugha tumezipokea kwa kusitasita, mojawapo ni jina la kile kipimo kinachochukuliwa mwilini, aghalabu katika tone la damu, ili kijulishe kwamba dawa iliyokuwa ikitibu imeanza kushindwa kabla mgonjwa mwenyewe hajatambua lolote. Wapo waliopendelea kukiita dalili. Nami, pamoja na kuliheshimu neno hilo kongwe, naona halifai, kwa kuwa dalili katika mazoea yetu ni homa, kitapo na maumivu ya kichwa, mambo anayoyasikia mgonjwa, ilhali tunalolitafutia jina ni lile asilolisikia kabisa.

Ithibati iko Nyamisati, katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti ya leo, ambako tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Muhimbili na wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden waliichunguza malaria, wakawakuta watu wasio na homa hata kidogo wamebeba damuni vimelea vya nasaba kadhaa kwa wakati mmoja. Mahali kama hapo, mwili uliokwisha kuyazoea maradhi huisaidia dawa dhaifu, homa ikashuka na vimelea vingali vimesalia. Na vikionekana tena baada ya wiki tatu, hadubini haiwezi kupambanua kama ni vile vya awali vilivyoishinda dawa au ni vipya vilivyoletwa na mbu mwingine, mpaka jeni zao zilinganishwe. (Laiti homa ingekuwa shahidi mwaminifu, kazi hiyo yote isingehitajiwa.)

Basi nasema kiashirio. Na kile kilichoandikwa ndani ya jeni ya kimelea chenyewe nakiita alama ya usugu. Klorokwini, dawa ya malaria ya awali, ilipoachwa nchini Tanzania mwaka 2001, ilirithiwa na SP (sulfadoksini-pirimethamini), nayo ikaandamwa na alama zake. Rufiji ikatangulia kupewa SP pamoja na atesuneti, na mwaka 2006 taifa zima likapokea dawa ya mseto, ALu. Kwa mseto huo, kiashirio ni vimelea kuonekana bado siku ya tatu ya matibabu, na alama ni mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13. Shirika la Afya Duniani hutaka dawa ibadilishwe pindi inaposhindwa kuwatibu zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa waliofuatiliwa. Mabadiliko hayo ya kelch13 yamekwisha kuthibitishwa mkoani Kagera.