Rupia Saba na Daftari la Sonara

Kila siku tunatamka "pesa" na "hela" bila kujiuliza maneno hayo yalitoka wapi. Mimi sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na sonara mmoja wa Korogwe.

Ilikuwa mwaka 1964. Mama alitoka Handeni na rupia saba za Kijerumani zilizotobolewa na kutungwa uzi, kidani alichorithi kwa bibi. Alitaka kuziuza nipate sare na sanduku la shule. Mzee yule alikuwa na fuawe, tupa, mizani na mrija wa kupulizia moto, na karibu yake rundo la magazeti na vitabu alivyosoma huku makaa yakikolea. Hakuyeyusha sarafu kabla ya kuisugua, kuisoma na kunakili maandishi yake katika daftari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu soma hii."

Ilikuwa ya mwaka 1891, yenye jina la kampuni ya Wajerumani. Serikali yao ilishika utawala mwaka huohuo, lakini sarafu ziliendelea kuwa za kampuni kwa miaka mingine. Rupia moja ilikuwa pesa 64, neno lililofika pwani kutoka Uhindi. Kuanzia 1904 rupia ikawa heller 100, nasi tukapata "hela". Kisha akaweka kando yake shilingi ya Mwingereza ya mwaka 1922. Rupia, alisema, ina fedha safi zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Shilingi ile ilikuwa na robo tu.

"Mfalme anaweza kuandika apendalo," alisema, "lakini moto haudanganyiki."

Alipima, akamlipa mama bila kumpunja. Rupia zote saba zikayeyuka mbele ya macho yangu. Mama hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi.

Nilipokuwa mwalimu, mzee aliniomba nimpigie chapa daftari lake. Nikamwambia, "Likizo ijayo, babu." Likizo zikapita, kwani mitihani na vikao havikosi. Nilipokwenda, alikwisha kufariki, na kurasa zake zilikuwa zimefungiwa karanga sokoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya bibi yangu ilipotea, nami nikapata elimu. Daftari lilikuwapo, na aliyelipoteza ni mimi niliyesomeshwa kwa mali hiyo.