Saratani na haki ya fidia kwa wafanyakazi wa reli Marekani

Wafanyakazi wa reli nchini Marekani wanaougua saratani iliyotokana na kazi hudai fidia chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1908. Tofauti na mifumo ya fidia ya majimbo, inayolipa bila kuuliza kosa ni la nani, sheria hiyo humtaka mdai athibitishe uzembe wa kampuni. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1957 kuwa inatosha uzembe huo uwe umechangia madhara, japo kwa kiasi kidogo.

Madai mengi huhusu asbesto iliyotumika katika injini za mvuke, kreosoti ya kuhifadhia mataruma ya mbao, na moshi wa dizeli, ambao Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha mwaka 2012 kuwa husababisha saratani ya mapafu.

Kikwazo kikubwa ni muda. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3, ilhali saratani huweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Kwa uamuzi wa mwaka 1949, muda hauanzi siku mfanyakazi alipovuta vumbi, bali ugonjwa unapodhihirika. Akifariki, mjane na watoto wake wanaweza kunufaika na dai hilo.