Redio na Mawimbi Yake Mjini Bujumbura

Katika bidhaa zote zilizopata kuuzwa katika maduka ya Bujumbura, tangu zama mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura na bendera ya Ubelgiji ikipepea juu ya bandari yake, ni chache zilizomtaka mnunuzi awe na hadhari kama redio. Kwani anunuaye kitambaa hukipapasa kwa mkono wake akajua kilivyo, ilhali anunuaye redio hununua pamoja nayo mawimbi asiyoyaona, yenye kumilikiwa na watu asiowajua, na ambayo yakipangwa upya na mataifa huko Geneva, chombo kilicho kizima huweza kuwa sanduku tupu. Nimeona kheri kuandika taarikhi ya ununuzi huo sasa, kwa kuwa neno "digitali" limeandikwa juu ya redio nyingi zinazopangwa mbele ya maduka, na wanunuzi wetu aghalabu hulipa fedha yao bila ya kumuuliza muuzaji swali lililo la msingi, yaani chombo hiki hushika mawimbi gani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwenye redio katika Usumbura alisikia sauti za mbali tu, maana mji haukuwa na kituo chake wenyewe. Matangazo yalitoka Léopoldville, ambako Wabelgiji walikuwa na mitambo mikubwa. Mwaka 1951 Dar es Salaam na Unguja nazo zikaanza kutangaza, kwanza kwa nguvu ndogo. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kusema kwa Kiswahili dhidi ya wakoloni. Na tarehe 27 Juni 1957 BBC ikafungua idhaa yake ya Kiswahili kutoka London. Aliyetaka kuzipata sauti hizo za ng'ambo ilimlazimu awe na chombo chenye masafa mafupi, na vyombo vya zama zile vilikuwa vya taa za kioo, vizito, vyenye kula umeme mwingi au kutaka betri kubwa, hata vikawa mali ya maofisa wa serikali, matajiri wa Kigiriki na wa Kihindi, na wachache miongoni mwa Waafrika. Huko Lusaka, mwaka 1949, ilipatikana redio ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready ndani ya sufuria ya alumini, ikauzwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5, betri iliyoweza kudumu kiasi cha saa 300. Naitaja sufuria hiyo kwa makusudi, kwa sababu waliobuni chombo kile waliijua hali ya msikilizaji wa Afrika: kwamba redio hununuliwa mara moja, bali betri hununuliwa daima, na ni betri impayo mtu maskini ruhusa ya kusikiliza au kumnyima.

Mtaa wa Buyenzi, walikokusanywa Waswahili na Waislamu wa mji, wafanyabiashara na mafundi ambao jamaa zao walikuwa Ujiji, Kigoma, Uvira na Manyema, ulikuwa na sababu zake za kuipenda redio. Lugha ya matangazo ya Dar es Salaam na Cairo ilikuwa lugha ya nyumbani mwao, nao ni miongoni mwa watu wa mji waliomuunga mkono mapema mwanamfalme Louis Rwagasore katika kudai uhuru. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuingizwa katika redio za mkononi kuanzia mwaka 1954, iliwafikia watu wa nchi zetu katika miaka ile ile uhuru ulipokuwa ukikaribia. Ikaondoa taa za kioo, ikapunguza ulaji wa betri, na redio iliyokuwa imekaa juu ya kabati la tajiri ikapata kutembea njiani begani mwa kijana. Sidhani kuna badiliko jingine la ufundi, katika taarikhi nzima ya chombo hiki, lililomfaa mtu wa kawaida kuliko hilo.

Kituo cha mji wenyewe kilianza mwaka 1960, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kibelgiji, na baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 kikawa redio ya taifa. Katika enzi ya Rais Micombero kikaitwa Sauti ya Mapinduzi, nacho ndicho kilichokuja kuwa RTNB, redio na televisheni ya taifa, ambayo idhaa yake ya kwanza husema Kirundi na ya pili Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Pamoja nacho, kuanzia mwaka 1963 hadi 1977, wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa na Radio CORDAC hapa hapa mjini. Katika miaka hiyo yote redio iliyohesabiwa kuwa nzuri ilikuwa yenye mita bendi nyingi, na mwenye kuichagua alizungusha kitufe polepole usiku, wakati masafa ya kati yanaposafiri mbali, akaipima kwa miji aliyoweza kuisikia.

FM ilibadili kipimo hicho. Mawimbi yake ni safi kwa sikio, yenye kuleta muziki bila ya mikwaruzo, walakini huenda kwa njia iliyonyooka kama macho yaonavyo. Na kwa kuwa Bujumbura imekaa katika bonde la Imbo, ufukweni mwa Tanganyika, na milima imesimama upande wake wa mashariki, mtambo wa FM uliowekwa mahali pa juu huusikizisha mji wote na kuvuka ziwa hadi Uvira, bali mawimbi yake hayapiti mgongo wa mlima kwenda bara bila ya mtambo mwingine kuyapokea. Juu ya FM ndipo vilipozaliwa vituo vya watu binafsi: Umwizero mwaka 1996, ambacho baadaye kiliitwa Bonesha, Radio Publique Africaine (RPA) mwaka 2001, na Isanganiro mwaka 2002. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, iliwaweka waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi katika chumba kimoja cha kazi. Na mchezo wa redio wa mwandishi Marie-Louise Sibazuri juu ya majirani wawili, ulioanza mwaka 1997, ukasikilizwa na watu ambao njiani walikuwa wakiogopana. Hiyo ndiyo fahari ya redio ya Bujumbura. Kwa ajili ya vituo hivyo watu walinunua redio ndogo za FM zilizotoka Asia, kisha simu zenye FM ndani yake, na masafa mafupi wakayaachia wazee.

Gharama ya kuichagua FM peke yake ilidhihirika mwezi Mei 2015, jaribio la mapinduzi lilipofanywa, na vituo vya pande zote, Rema FM iliyoiunga mkono serikali kwa upande mmoja na RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance kwa upande mwingine, vikashambuliwa katika muda wa siku mbili. Mwenye redio ya FM tupu aliona mji umenyamaza mkononi mwake. Mwaka 2018 matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika yaliposimamishwa nchini, na mwaka 2019 yalipozuiliwa kabisa, mitambo ya FM ya humu ndiyo iliyofungwa. Yaliyorushwa kwa masafa mafupi kutoka ng'ambo yalikuwa yangali yakishuka kutoka mbinguni juu ya paa zile zile, kwa mwenye chombo cha kuyapokea.

Ama kuhusu digitali, lazima mambo mawili yatenganishwe. Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo, yalihusu hasa televisheni, na ndiyo yaliyoleta ving'amuzi majumbani. Tanzania ilianza kuzima mitambo yake ya zamani Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Masafa ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, hayakuguswa, na Bujumbura ingali inasikiliza FM. Redio iandikwayo "digitali" madukani mara nyingi huonyesha tarakimu za masafa katika kioo, na huenda ikasoma kadi na USB, lakini mawimbi iyapokeayo ni yale yale ya zamani. Redio iliyo ya digitali kwa hakika hupokea mfumo wa DAB, ambao BBC ilianza kuurusha mwaka 1995 na ambao Norway iliufanya kuwa badala ya FM kwa vituo vyake vya taifa mwaka 2017, au mfumo wa DRM, uliozinduliwa Geneva mwaka 2003 na unaoweza kupita katika masafa mafupi na ya kati.

Mimi naipenda zaidi DRM kwa nchi yetu, kwa kuwa yaweza kuleta sauti safi kutoka mbali. Katika DAB vituo vingi hufungwa pamoja katika wimbi moja na kurushwa na mtambo mmoja. Gharama hupungua kwa kila kituo, nami nakiri manufaa hayo, lakini katika mji ulioona yale ya mwaka 2015, vituo kumi vyenye mtambo mmoja vina mlango mmoja wa kufungiwa. Fauka ya hayo, chombo cha DAB hula betri kuliko cha FM, na vijiji vingi vya Burundi havijafikiwa na nyaya za umeme. Hata Norway yenye umeme katika kila nyumba iliviruhusu vituo vidogo vya mikoani vibaki katika FM, na wasikilizaji wake wakahitaji chombo chenye kupokea mawimbi yote mawili.